Fersman: Mtu aliyeitoa mbolea kwenye milima ya barafu

MKULIMA wa Sigino anayekwenda Babati mjini kununua mfuko wa mbolea ya kupandia ana jirani ambaye wakulima wengi duniani hawana. Mwendo wa karibu saa moja kwa gari kuelekea Arusha, kabla ya kufika Makuyuni, kipo kilima cha Minjingu. Ndani yake yamo mawe ya fosfeti, yaani mawe yenye fosforasi, kirutubisho ambacho mahindi, maharage na mbaazi huhitaji mapema ili yatoe mizizi ya kutosha. Kilima kiko kando ya barabara kuu, hakuna theluji wala usiku unaodumu wiki kadhaa. Pamoja na hayo, tangu fosfeti hiyo igunduliwe mwaka 1956, safari ya jiwe kutoka kilimani hadi kwenye shimo la mbegu imekuwa na vikwazo vingi.

Robo karne kabla ya ugunduzi huo, fosfeti ilianza kuchimbwa mahali pagumu kuliko Minjingu mara nyingi: kwenye milima ya Khibiny, rasi ya Kola, kaskazini kabisa mwa Urusi, ndani ya ukanda wa Aktiki. Jina linalotajwa kwanza katika habari hiyo ni la Aleksandr Fersman, mtaalamu wa madini aliyefariki mwaka 1945. Maisha yake yanamhusu yeyote anayejiuliza kwa nini nchi inaweza kuwa na mlima wa mbolea na bado wakulima wake wakapanda bila mbolea.

Fersman alizaliwa Petersburg Novemba 8, 1883. Baba yake alikuwa msanifu majengo na ofisa wa jeshi. Mjomba wake, ambaye alikuwa mkemia, aliishi Krimea, na huko ndiko mtoto huyo alikojifunza kuokota mawe wakati wa likizo, akiyapanga na kuyaandikia majina. Wako watoto wengi wanaookota mawe na kuyasahau. Huyu hakuyasahau, ingawa alikaribia kufanya hivyo alipoingia chuo kikuu kule Odessa. Mihadhara ya madini aliyoikuta huko ilikuwa ya kukariri majina na maumbo, na ilimchosha kiasi cha kutaka kuhamia masomo ya historia ya sanaa.

Kilichomwokoa ni uhamisho. Mwaka 1903 familia ilihamia Moscow, na kijana akawa mwanafunzi wa Vladimir Vernadsky. Profesa huyo hakuliangalia jiwe kama pambo la kabati. Aliuliza vitu vilivyomo ndani yake vilitoka wapi, vilikutana vipi na vitakwenda wapi jiwe likivunjika. Kwa msomaji wa kurasa hizi hilo si jambo geni, kwa sababu ndilo swali ambalo mtaalamu wa udongo huuliza kuhusu fosforasi: imetoka wapi, imeshikwa na nini, na mmea utaipataje. Fersman alihitimu mwaka 1907, akaenda Ufaransa na Ujerumani kuongeza ujuzi, na mwaka 1911 akatoa pamoja na Victor Goldschmidt wa Heidelberg kitabu kikubwa kuhusu almasi. Mwaka 1912 alianza kufundisha Moscow somo la jiokemia, yaani kemia ya dunia yenyewe, linalohesabiwa kuwa miongoni mwa kozi za kwanza za somo hilo popote.

Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyomgeuza kutoka mtu wa maabara kuwa mtu wa uchumi. Mipaka ilipofungwa, Urusi iligundua kwamba ilikuwa ikiagiza kutoka nje, hasa Ujerumani, bidhaa nyingi ambazo malighafi yake ilikuwamo ndani ya ardhi yake. Mwaka 1915 Akademia ya Sayansi iliunda tume ya kuchunguza utajiri wa asili wa nchi, na Fersman akawa katibu wake. Mapinduzi ya 1917 yakaja, serikali ikabadilika, tume ikaendelea. Mwaka 1919, akiwa na miaka 35, alichaguliwa kuwa mwanachama kamili wa Akademia hiyo.

Hapo ndipo inapoingia Khibiny. Reli ya kwenda bandari ya Murmansk ilikuwa imekamilishwa kwa haraka mwaka 1916 ili kupokea silaha na vifaa vya vita. Haikujengwa kwa ajili ya madini wala wakulima, ila ilipita kando ya ziwa Imandra, chini ya milima hiyo. Mwaka 1920 Fersman alikuwa katika ujumbe uliotumwa kuangalia eneo hilo. Treni iliposimama kwenye kituo kidogo cha Imandra, wajumbe walitumia muda huo kupanda mlima wa karibu, wakarudi na mawe ambayo hawakutegemea kuyaona. Mfini Wilhelm Ramsay alikuwa ameichunguza milima hiyo tangu miaka ya 1880, na kabla ya wote hao Wasami walichunga humo kulungu wao wa nchi za baridi. Fersman basi hakuwa wa kwanza kufika, ila aliondoka akiwa ameamua kurudi.

Alirudi mwaka huohuo, na tena mwaka uliofuata na uliofuata. Msafara wa kwanza ulikuwa kikundi kidogo cha vijana, wengi wao wanafunzi wa kike. Nchi ilikuwa inatoka vitani na chakula kilikuwa cha mgao. Vilele vya Khibiny havizidi sana mita 1,200, havifiki hata nusu ya Hanang wetu, lakini vina theluji sehemu kubwa ya mwaka, ukungu unaoshuka ghafla na mbu wengi wakati wa kiangazi. Viatu vilikatwa na mawe. Kila kilo ya sampuli ilishushwa kwa mgongo wa mtu hadi relini.

Miongoni mwa mawe waliyoyashusha yalikuwamo ya kijani yenye chembechembe kama sukari. Hiyo ni apataiti, jiwe ambalo jina lake limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kudanganya, kwa kuwa watu wa zamani walilichanganya na vito vya thamani. Apataiti ndiyo yenye fosforasi. Vipande vya kwanza vilipatikana mwaka 1921, na mwaka 1923 viliokotwa vingine mlima Rasvumchorr. Mwaka 1926 Aleksandr Labuntsov, aliyekuwa katika misafara ya Fersman, alipata miamba mikubwa kwenye milima ya Kukisvumchorr na Yukspor. Kuanzia hapo ilijulikana kwamba ni milima mizima yenye apataiti.

Pamoja na hayo, miaka mitatu ikapita bila mgodi. Wenye mashaka walikuwa na hoja, na mchumi yeyote angezisikiliza. Kwanza, mahali penyewe palikuwa mbali na kila kitu: hapakuwa na mji, umeme wala barabara, na reli ilikuwa kilomita 20 na kitu kutoka machimboni. Pili, apataiti ilikuwa imechanganyika na jiwe jingine liitwalo nefelini. Tatu, viwanda vya mbolea vya nchi hiyo vilikuwa vimezoea fosfeti iliyoagizwa kutoka Moroko. Nani angebadilisha mitambo kwa ajili ya jiwe la Aktiki ambalo hakuna aliyewahi kulijaribu?

Nionavyo, kazi kubwa ya Fersman ilianza hapo, baada ya ugunduzi. Mawe ya apataiti hayayeyuki yenyewe ardhini kwa kasi inayomfaa mkulima. Ni mawe magumu yaliyotokana na uji wa moto wa chini ya ardhi mamilioni mengi ya miaka iliyopita. Ukiyasaga na kuyamwaga shambani, mahindi yatakufa njaa pembeni ya chakula. Lazima yatenganishwe na nefelini, kisha yachanganywe na tindikali ya salfa ili yawe mbolea ya supafosfeti, njia ambayo Mwingereza John Bennet Lawes aliipatia hataza mwaka 1842. Fersman aliandika, akahutubia, akabisha hodi maofisini, na kuhimiza shehena za majaribio zipelekwe viwandani. Majibu yalionyesha kwamba apataiti inatoa mbolea nzuri.

Suala la kutenganisha lilimalizwa kwa mapovu. Jiwe linasagwa hadi liwe unga, unga unatiwa majini pamoja na vitu vya jamii ya mafuta na sabuni, kisha hewa inapulizwa kutoka chini. Chembe za apataiti zinajishika kwenye mapovu na kupanda juu, nefelini inabaki chini. Njia hiyo ilikuwa imezoeleka zaidi kwa shaba, risasi na zinki. Kwa njia hiyo jiwe lenye fosfeti ya chini ya asilimia 20 linakuwa unga wenye karibu asilimia 40, na hapo ndipo hesabu ya usafiri inapobadilika. Kusafirisha tani moja ya unga wa namna hiyo ni sawa na kusafirisha tani mbili za jiwe ghafi.

Salfa nayo alikuwa ameifuata. Mwaka 1925 alisafiri kwa ngamia katika jangwa la Karakum, Asia ya Kati, na msafara wake ukathibitisha kuwapo kwa salfa iliyokuja kuchimbwa baadaye. Wakulima wa korosho wa kusini mwa nchi yetu wanaijua salfa kama dawa ya ubwiri unga, lakini matumizi yake makubwa duniani ni kutengeneza tindikali, na tindikali hiyo kwa sehemu kubwa huishia kwenye viwanda vya mbolea ya fosfeti. Mwenye fosfeti bila salfa ana nusu ya kiwanda.

Novemba 1929 liliundwa shirika la Apatit, mkuu wake akiwa Vasily Kondrikov. Sergei Kirov, kiongozi wa chama wa Leningrad, alifika huko mwanzoni mwa mwaka 1930 katikati ya giza la majira ya baridi, na ujenzi ukaidhinishwa kwa kasi ya kutisha. Tawi la reli likajengwa hadi milimani. Mwaka 1931 kiwanda cha kutenganisha apataiti kilianza kazi, na makazi yaliyokuwa yamezunguka mgodi yakawa mji wa Khibinogorsk. Kirov alipouawa mwaka 1934, mji ulipewa jina la Kirovsk. Fersman alijenga kando ya ziwa dogo kituo cha utafiti kilichoitwa Tietta, ambacho kiliteketea kwa moto mwaka 1941. Hata kilimo kilikuwapo: tangu mwaka 1923 Johan Eichfeld, Mwestonia, alikuwa akijaribu viazi, kabichi na shayiri karibu na reli, na mji ulipokua matokeo yake yakatumika kulisha wachimbaji.

Je, wachimbaji hao walitoka wapi? Vijana wenye ari walikuwapo, na mafundi wa mshahara pia. Lakini sehemu kubwa ya nguvu kazi ilikuwa ya wakulima. Mwaka 1930 serikali ya Stalin ilikuwa inawanyang'anya ardhi na mifugo wale iliowaita makulaki, yaani wakulima wenye uwezo kidogo. Mtu aliweza kuhesabiwa kulaki kwa kuwa na ng'ombe wawili watatu na kibarua wa msimu. Makumi ya maelfu yao walipakiwa kwenye mabehewa pamoja na wake na watoto, wakashushwa Khibiny. Majira ya baridi ya kwanza wengi walilala kwenye mahema na mabanda. Magonjwa yaliua watu wengi, watoto wakiwa wa kwanza. Desemba 1935 poromoko la theluji liliangukia makazi chini ya Kukisvumchorr usiku na kuua zaidi ya watu 80.

Kwa hiyo watu waliojua kulima kuliko wengine waliondolewa mashambani ili wachimbe mbolea ya mashamba ambayo wao hawakuruhusiwa kuyarudia. Uzalishaji wa chakula ulianguka vibaya, na mwaka 1932 na 1933 njaa iliua mamilioni ya watu katika Ukraine, Kazakhstan na sehemu za Urusi. Shehena za supafosfeti hazingeweza kuziba pengo la namna hiyo.

Apataiti ya Khibiny imesifiwa mno kwa bei yake nafuu. Nchi hiyo iliacha kutegemea fosfeti ya Moroko na katika miaka ya 1930 ikaanza kuuza yake nje. Ni kweli, lakini bei hiyo ilipangwa bila kuhesabu gharama ya mtu asiyeweza kukataa kazi wala kuondoka. Katika darasa la uchumi tungesema gharama hizo zilibebwa na wengine. Zilibebwa na familia zenye majina, na wajukuu wao wapo Kirovsk mpaka leo.

Fersman aliyajua hayo kwa kiasi gani? Alifika Khibiny mara nyingi katika miaka hiyo, asingeweza kutoyaona mahema. Vitabu vilivyochapishwa nchini humo wakati wa Stalin visingeweza kusimulia habari za waliohamishwa, na vyake vimejaa milima, madini na ushindi wa sayansi. Kondrikov, aliyeendesha mgodi, alikamatwa na kupigwa risasi mwaka 1937. Fersman alinusurika miaka hiyo. Wanaomwandika kama mtakatifu wa mawe wanaruka ukurasa huu, na wanaomhukumu kwa urahisi hawakuishi chini ya serikali ile. Mimi naona sifa ya kisayansi na deni la kibinadamu viandikwe kwenye daftari moja.

Kazi zake nyingine zinatosha kujaza kurasa peke yake. Kitabu chake cha mwaka 1928 cha kuwavutia vijana kupenda madini kilitafsiriwa kwa lugha nyingi. Kati ya 1933 na 1939 alitoa juzuu nne za jiokemia. Alishiriki kufungua njia ya shaba na nikeli ya Monchegorsk, jirani na Khibiny. Kitabu chake kuhusu madini ya rasi ya Kola kilimpatia Tuzo ya Stalin mwaka 1942, na mwaka 1943 chama cha wanajiolojia cha London kilimtunukia nishani ya Wollaston. Wakati wa vita aliongoza tume ya wanajiolojia iliyolisaidia jeshi. Afya yake ilikuwa imeshaharibika. Alifariki Sochi Mei 20, 1945, siku 11 baada ya nchi yake kusherehekea ushindi dhidi ya Ujerumani, akazikwa Moscow.

Tukirudi nyumbani, Minjingu ni jiwe la ukoo tofauti. Halikutoka kwenye uji wa moto. Lilijikusanya wakati ziwa Manyara lilipokuwa kubwa zaidi ya lilivyo sasa na kilima kikiwa kisiwa cha ndege, kutokana na vinyesi na mifupa yao. Kwa kuwa ni changa na laini, jiwe hilo lina uwezo ambao apataiti ya Khibiny haina: likisagwa tu linaweza kumpa mkulima fosforasi bila kupitia tindikali. Sharti lake ni udongo wenye tindikali, kwa maana udongo wenyewe ndio unaofanya kazi ya kiwanda. Majaribio ya miaka ya 1990 magharibi mwa Kenya, kwenye udongo wa namna hiyo, yalionyesha unga wa Minjingu ukifanya kazi karibu sawa na mbolea ya TSP. Mashamba mengi ya ukanda wetu wa Babati hayana tindikali kali, na mkulima anayemwaga unga mtupu kwenye udongo wenye pH ya karibu 7 asishangae akiona mahindi yenye majani ya zambarau. Ndiyo maana kupima udongo si anasa.

Njia ya Fersman, ya kiwanda na tindikali, nayo ilijaribiwa hapa. Mgodi wa Minjingu ulianza kazi mwaka 1983 chini ya Shirika la Madini la Taifa, kwa msaada wa Ufini, ili kulisha kiwanda cha mbolea cha Tanga kilichokuwa kikizalisha tangu mwaka 1972. Reli ya karibu iko Arusha, zaidi ya kilomita 100 kutoka mgodini. Kutoka huko hadi Tanga ni safari nyingine, na salfa ya kutengenezea tindikali ilitoka ng'ambo. Kisha mbolea iliyotengenezwa pwani ilitakiwa irudi bara kwa wakulima wa mahindi. Ukijumlisha nauli za kwenda na kurudi pamoja na fedha za kigeni za miaka ile, utaelewa kwa nini kiwanda cha Tanga kilifungwa mwaka 1991 na mgodi ukabaki bila mnunuzi wake mkubwa.

Mgodi ulibinafsishwa mwaka 2001. Wamiliki wapya walihamishia mkazo kwenye kuuza moja kwa moja kwa wakulima: kwanza unga, kisha chengachenga zisizopeperuka na upepo, na baadaye mbolea ya Minjingu Mazao iliyoongezewa naitrojeni na virutubisho vingine ili ifae mahali ambapo fosfeti tupu haitoshi. Mwaka 2008 bei ya DAP katika soko la dunia ilipanda hadi kupita dola 1,000 kwa tani, na serikali ikaiingiza Minjingu kwenye mpango wa vocha za ruzuku. Wakulima wengi walilalamika. Walizoea DAP, ambayo ina naitrojeni ndani yake, na mche hubadilika rangi upesi. Wakapewa unga wa fosfeti bila maelezo ya udongo gani unaufaa.

Kule Khibiny uchimbaji haujakoma. Sehemu ya mlima Kukisvumchorr na majirani zake imeshaliwa na mashimo makubwa, na unga wa apataiti unaendelea kushuka kwa reli ileile ya Murmansk kwenda viwandani. Chini ya mlima, makaburi ya waliohamishwa yamewekewa alama. Kati ya madini yaliyogunduliwa humo liko moja lenye rangi ya kahawia liitwalo fersmanaiti. Halina matumizi yoyote katika kilimo.